Kiambaza cha kati: kwa nini Petro alisema "sisi tutaokoka kama wao" na si "wao kama sisi"?

Fito na Udongo (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hakuna ugomvi.

Jumapili iliyopita nilikuwa ibadani hapa mjini Dodoma, kanisa silitaji. Mhubiri akafungua Waefeso 2 kwenye Biblia ile ya mwaka 1952 ambayo wengi tumekulia nayo. Alipofika mstari wa 14, "akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga", akasema kiambaza ni ukuta, akapita, akaingia kwenye mambo ya kuvunja madhabahu za ukoo. Wenzangu wakamfuata huko. Mimi nikabaki kwenye kiambaza.

Nimezaliwa kwenye tembe, huko Chamwino. Kiambaza nakijua kwa mikono. Unasimamisha nguzo, unafunga fito, watu wanakanyaga udongo kwa miguu mpaka unakuwa kama ugali, mnajaza, kisha akina mama wanasiriba. Kila masika yakipita lazima mtu akisiribe upya. Usipokihudumia kinaanguka chenyewe. Na kiambaza cha kati si cha nje cha kuzuia fisi, ni kile kinachogawa nyumba moja vyumba viwili. Tafsiri za karibuni zimeweka "ukuta" na hakuna kosa, ila mimi naona hawa wazee wa 1952 walitupa picha: watu wawili chini ya paa moja, katikati yao udongo uliosiribwa na watu wenyewe.

Sasa Paulo alikuwa na ukuta halisi kichwani? Wengi wanadhani hivyo. Katika hekalu la Yerusalemu palikuwa na uzio wa mawe, Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa enzi hizo, anasema dhiraa tatu kwenda juu, yaani kama kifuani mwa mtu mzima. Mtu wa Mataifa, yaani asiye Myahudi, aliruhusiwa kufika hapo tu. Kwenye uzio kulikuwa na vibao vya mawe kwa Kiyunani na Kilatini. Kimoja kilipatikana mwaka 1871, aliyekipata ni Mfaransa Charles Clermont-Ganneau, na leo kiko makumbusho ya Istanbul. Maneno yake hayana upole: mtu wa taifa lingine asivuke, na atakayekamatwa ajilaumu mwenyewe kwa kifo kitakachompata.

Unganisha hilo na Matendo 21. Paulo anakamatwa hekaluni, nusura auawe, kosa lake ni nini? Walidhani amemwingiza Trofimo ndani. Trofimo wa wapi? Mwefeso. Halafu barua inayosema kiambaza kimebomolewa inaitwa Waefeso. Kuna wasomi wanaobishana kama barua ilipelekwa Efeso peke yake, siingii huko leo.

Kabla ya hapo, karibu mwaka 49, kulikuwa na kikao cha mitume na wazee kule Yerusalemu, Matendo 15. Watu walitoka Uyahudi wakafika Antiokia na mahubiri ya mstari mmoja: msipotahiriwa kama desturi ya Musa, hamwezi kuokoka. Sisi wa huku tunausoma mstari huu haraka kwa sababu vijana wetu wanaingia jando tangu zamani, tohara si habari. Lakini kilichoulizwa pale si kisu. Waliuliza hivi: mtu wa Mataifa akitaka kwenda kwa Mungu wa Israeli, lazima kwanza awe Mwisraeli?

Petro akasimama. Akakumbusha habari za Kornelio, akida wa kikosi cha Kiitalia kule Kaisaria, jinsi Roho alivyowashukia watu wa nyumba ile hotuba haijaisha, hata ubatizo bado, kisu ndiyo kabisa. Akasema mnataka kuwatwika watu nira ambayo baba zetu wala sisi hatukuweza kuichukua. (Mliowahi kuona maksai mdogo akifungiwa nira ya maksai mkubwa mnaelewa. Shingo inachubuka siku ya kwanza.) Kisha akafunga kwa sentensi ambayo naomba muisome polepole:

"Bali twaamini kwamba tutaokoka kwa neema ya Bwana Yesu vile vile kama wao."

Mimi ningekuwa Petro ningesema: jamani, hata wao wataokoka kama sisi. Hiyo ndiyo lugha ya mwenyeji anayemkaribisha mgeni. Petro kageuza. Myahudi, mtahiriwa, aliyetembea na Yesu, anasema *sisi* tutaokoka kama *wao*. Kipimo ni yule wa nje asiye na kitu mkononi. Myahudi mwenye Torati na nabii na agano anaingia kwa mlango ule ule wa Kornelio.

Na sasa kilichonifanya niandike. Babu yangu alikuwa na wake wawili. Baada ya Operesheni Dodoma, watu wetu walipohamishiwa kijijini, wakristo walijenga kanisa dogo la fito na udongo. Babu akataka ubatizo. Akaambiwa aache mke mmoja kwanza. Akauliza, "Nimwache yupi? Huyu aliyenizalia au huyu aliyenilisha mwaka wa njaa?" Hakujibiwa. Bibi zangu wote wawili walibatizwa, watoto wote walibatizwa, yeye akabaki nje. Kila Jumapili alibeba kigoda chake, akakaa nyuma ya kanisa, mgongo ukutani, akasikiliza kupitia dirishani. Nyimbo zote alizijua kwa moyo. Aliimba besi akiwa nje.

Naomba mnisaidie. Tunahubiri Waefeso 2:8, "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani", tunaimba, tunalia. Kile kiambaza alichoegemea babu kilikuwa cha nani?

---

Naweka Kigoda Hapa

Nimekaa. Wenye nondo shusheni.

---

Bint Kongwa

Mkuu umeandika vizuri ila nina swali la kike. Habari yote ni ya babu na kigoda chake. Je, kama angetii, bibi mdogo angekwenda wapi? Shamba si lake, ng'ombe si wake, wazazi wameshakula mahari. Wanaoweka masharti ya namna hiyo huwa wanapiga hesabu ya roho ya mwanamume tu.

Halafu la pili. Ukisema neema tupu, kesho kijana ataoa watatu na kusema Petro karuhusu.

---

Fito na Udongo

Bint Kongwa, la kwanza umenikamata. Bibi mdogo ndiye aliyenilea na sikumpa hata sentensi yake. Kwake ile sharti ilikuwa na maana moja tu: aondoke.

La pili, Paulo alilisikia mapema kuliko wewe. Warumi 6: tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? "Hasha!" Na Waefeso 2 haiishii mstari wa 9. Wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema". Matendo yapo, ila yamekaa upande wa pili wa mlango. Mimi sisemi mtu aongeze mke. Nasema mzee aliyekuta injili akiwa tayari na watu wawili wanaomtegemea, wakamwambia avunje nyumba ndipo aingie kwa Yesu, alihubiriwa injili ya wale watu wa Matendo 15:1. Kisu kimebadilishwa tu.

---

Rozari ya Bibi

Mimi Mkatoliki, naingia kwa adabu. Mkishamaliza Waefeso msiiruke Yakobo 2:24: "mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake." Tuliambiwa miaka mingi kwamba sisi tunajiokoa kwa matendo. Si kweli. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Wakakiri pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu, na Roho anatupa uwezo wa kutenda mema. Wamethodisti wakajiunga 2006. Tofauti zimebaki, lakini ule ugomvi wa shuleni wa "nyie matendo sisi imani" umeshapitwa.

---

Fito na Udongo

Asante, Rozari. Hata kwa Yakobo naona ni swali tofauti. Paulo anajibu anayeuliza "nifanye nini ili nikubaliwe?" Yakobo anamjibu anayesema "nimeshakubaliwa, ndugu mwenye njaa na aende zake kwa amani." Mtu wa pili tunaye sana hapa mjini.

---

Sabato Njema

Nimesoma kwa utulivu. Swali langu: kikao hicho hicho kiliacha masharti manne. Vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama iliyosongolewa, uasherati. Kwa hiyo sheria haikufutwa yote. Na najua mnakotaka kuelekea, mnataka kuhalalisha kiti moto.

---

Fito na Udongo

Hahaha, mkuu, kiti moto sikukigusa, umekileta mwenyewe na ndizi zake.

Swali lako ni zuri lakini. Angalia yale manne yanafanana na nini: Walawi 17 na 18, zile amri zinazomhusu pia mgeni akaaye katikati ya Israeli. Wasomi wengi wanaona kikao kiliweka hayo ili Myahudi na mtu wa Mataifa waweze kukaa meza moja bila mmoja kutapika. Barua inasema mtafanya vyema mkijizuia na hayo. Haisemi msipofanya hamwezi kuokoka, na hiyo ndiyo sentensi iliyokuwa kikaoni.

Meza ndiyo penyewe. Wagalatia 2, Petro huyu huyu alikuwa Antiokia anakula na Mataifa. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, akaanza kujivuta nyuma, mpaka Barnaba naye akachukuliwa. Hakuhubiri uongo hata neno moja, alihamisha kiti tu. Paulo akamkabili mbele ya watu wote. Sisi wa mlenda tunaelewa haraka: bakuli ni moja, mlenda unavutika, mkono wako na wa mwenzako unakutana katikati. Ukiona mtu ananawa halafu anaomba chake kwenye sahani pembeni, hakuna haja ya kumuuliza anakuonaje.

---

Baragumu la Sayuni

Mleta uzi unapotosha. Kanisa la Mataifa limepotea kwa sababu limeacha mizizi ya Kiebrania. Sisi kwetu tunapuliza baragumu ya pembe, tunavaa vazi la maombi, tunashika sikukuu zote, bendera ya Israeli iko madhabahuni. Baraka ziko kwa Israeli. Anayetaka baraka asogee kwenye mizizi.

---

Fito na Udongo

Mkuu Baragumu, sikutukani, mizizi nami naipenda. Bila Ibrahimu, Musa na Isaya sielewi hata ukurasa mmoja wa Paulo. Lakini ngoja nikupeleke mahali.

Barabara ya Iringa kuna mzee anauza miche. Juzi nilimkuta anabebesha miembe. Kachukua mche wa embe la kienyeji, unene kama wa kalamu, akaukata kichwa, akaupasua katikati kwa wembe. Akachukua kikonyo cha embe la kisasa, akakichonga kama kabari, akakichomeka kwenye ule mpasuko, akazungushia utepe wa nailoni mpaka pakabana, juu akavisha kimfuko kama cha barafu. Nikamuuliza kwa nini usipande tu kokwa la hilo embe zuri? Akasema, "Hili la kienyeji ndilo linalojua kutafuta maji. Hili la juu linajua kuzaa tu."

Warumi 11 ndiyo hiyo, ila Paulo anaigeuza: wewe wa Mataifa ni mzeituni *mwitu* uliyepandikizwa kwenye mzeituni mwema, "kinyume cha asili", anasema mwenyewe. Si kawaida ya mkulima kufanya hivyo. Kikonyo cha porini kwenye shina bora ni hasara tupu. Neema ndiyo ilipo, kwenye hasara hiyo. Kisha anaonya: "si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Kumbe hata neno letu la kubebesha limo humo.

Ona pia kwamba kikonyo hakijifanyi shina. Kinabaki kikonyo, kinakunywa. Vazi la maombi halikuunganishi na Ibrahimu. Tayari umeunganishwa kwa imani, ukiwa na shati lako la kawaida. Ukianza kuniambia bila baragumu baraka hainifikii, umeshika udongo mkononi na unasiriba.

---

Mzee wa Zabibu

Naomba kuuliza jambo ambalo huwa linanikwaza. Kama Myahudi naye anaingia kwa Kristo, basi Mungu amewatupa Wayahudi? Wengine wanasema wana njia yao. Wengine wanawalaani kabisa.

---

Fito na Udongo

Mzee, shikamoo. Tuanzie kwa waliopokea barua ya Warumi. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi Rumi, ndiyo maana Matendo 18 inawakuta Akila na Prisila Korintho. Klaudio akafa mwaka 54, wakaanza kurudi. Paulo anaandika karibu mwaka 57. Hebu fikiria waliorudi walikuta nini: makanisa ya nyumbani yameshazoea kuendeshwa na watu wa Mataifa. Wenyeji wamegeuka wageni. Sisi wa Dodoma tulioona mji ukijaa tangu serikali ihamie tunajua hiyo hali, mwenye shamba anarudi kuomba njia ya kupita.

Kwa hao watu wa Mataifa walioanza kuvimba, Paulo anauliza: je, Mungu amewasukumia mbali watu wake? Hasha. Anataja uthibitisho, mimi mwenyewe ni Mwisraeli. Anasema matawi yaliyokatwa Mungu aweza kuyapandikiza tena. Kuhusu njia ya pili, mimi siioni kwa Paulo. Injili ni uweza wa Mungu "kwa Myahudi kwanza, na kwa Myunani pia", njia ni ile ile ya Petro. Lakini kulaani? Aliandika ana huzuni kubwa kwa ajili yao kiasi cha kutamani yeye mwenyewe atengwe na Kristo kwa ajili yao. Kabla hujamlaani Myahudi, jipime na sentensi hiyo.

Na historia ituaibishe. Martin Luther, aliyeifufua Warumi kuliko mtu yeyote, mwaka 1543 aliandika kitabu cha kuwatukana Wayahudi, akashauri masinagogi yao yachomwe moto. Mtu wa neema! Walutheri wenyewe baadaye wamelikana hilo waziwazi. Kanisa Katoliki nalo lilitoa tamko mwaka 1965 kwenye Mtaguso wa Vatikano wa Pili kwamba Wayahudi wasihesabiwe kama watu waliolaaniwa.

---

Bint Kongwa

Mbona hamsemi la mafuta na maji ya kununua? Hicho nacho si kiambaza? Mama yangu aliambiwa atoe sadaka ya kujimaliza ndipo mbingu zifunguke. Akauza mbuzi wawili.

---

Rozari ya Bibi

Matendo 8. Simoni mchawi alileta fedha anunue. Petro akamwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Huyo mchungaji wa mama asome hapo.

---

Fito na Udongo

Pole kwa mama, na pole kwa mbuzi. Ukweli ni kwamba huku kwetu "neema" lilikuwa neno la mvua kabla halijawa la kanisani. Mwaka wa neema ni mwaka uwele umeshika na visima havijakauka. Hakuna aliyewahi kukata risiti ya mvua. Na Yesu kasema Mungu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Jirani yangu mvivu hupata mvua sawa na mimi, na kila mwaka linaniuma. Hapo ndipo huwa najua bado sijaielewa neema.

---

Msoma Kumbukumbu

Kuhusu wake wengi, nichangie kihistoria. Maaskofu wa Kianglikana duniani, kikao cha Lambeth cha 1888, waliamua mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, ila wake zake waweza kubatizwa katika hali fulani. Mwaka 1988, miaka 100 kamili, kikao hicho hicho kikasema mwenye wake wengi akiamini anaweza kubatizwa pamoja na wake na watoto walioamini, kwa sharti kwamba asioe tena, na hapaswi kulazimishwa kumwacha mke yeyote kwa sababu ya shida itakayompata huyo mke. Kwa hiyo swali la Bint Kongwa lilifika mezani.

---

Fito na Udongo

Babu hakuwa wa kanisa hilo, lakini asante. Miaka 100.

Mzee wa Zabibu kaniuliza faragha kama babu aliokoka. Sina ufunguo huo. Naweza kusema nilichokiona.

Nilikuwa darasa la tano walipojenga kanisa jipya la tofali na bati. La zamani likabomolewa, watoto tukabeba fito kupeleka kwa mama mchungaji azifanye kuni. Babu alikuwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma. Ukuta wa nyuma, chini ya dirisha, palikuwa na sehemu imebonyea, upana kama mgongo wa mtu. Udongo pale ulikuwa mweusi na unang'aa kwa mafuta ya mwili na shuka. Akina mama walikuwa wakisiriba ukuta mzima kila mwaka, na kila mwaka pale panabonyea tena.

Fundi alizunguka jengo akigongagonga, akitafuta pa kuanzia. Akafika nyuma, akagonga hapo mara moja, akaita wenzake. Akasema, "Leteni nyundo huku. Hapa pameshalegea."